Mkono Uliotulia

Katika nyumba ile mtu hakupimwa kwa maneno yake wala kwa usingizi wake. Alipimwa kwa mkono. Mkono ukinyoosha mstari, mwenye mkono ni mzima. Mkono ukiyumba, mwenye mkono ana lake jambo. Ndivyo Bi Mkubwa alivyofunzwa chini ya meza ya kukatia ya baba yake, ndivyo alivyowalea wanawe, na kwa kipimo hicho hicho alimpeleka mwanawe wa kwanza mahali ambako nusura asirudi.

Mwana huyo watu walimwita Mkasi. Jina alilipata akiwa kijana, kwa sababu alikata suti kwa chaki na jicho tu, bila karatasi ya vipimo, na nguo ikakaa mwilini kama imeota pale. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke na mvi za kwanza, na tangu aanze kumeza dawa za kliniki vidole vyake vilitetemeka kama vya mtu aliyetolewa kwenye maji baridi. Kila asubuhi mama yake alimwekea mezani kipande cha kitambaa kilichobaki, akampa mkasi.

"Haya, kata. Mstari mmoja tu, baba."

Mkasi alikata. Dada yake akanyanyuka kwenye cherehani, akakishika kile kipande kwa ncha mbili, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Kaka, hii suruali tunamshonea nyoka?"

Akacheka, kisha akajuta, maana Mkasi naye alicheka, polepole, kama mtu anayecheka kwa adabu ili asimvunje moyo mwenye mzaha.

"Mkono huo," Bi Mkubwa alisema, "ndio ugonjwa wenyewe. Siku utakapotulia, amepona. Hakuna jingine."

Mke wa Mkasi alikuwa kwenye kona yake akishona vifungo. Mama mkwe alimwita Vifungo siku ya kwanza alipoingia dukani, kwa kejeli, kwa sababu ndiyo kazi pekee aliyomwamini nayo, na jina likamganda. Vifungo alitaka kusema kwamba ugonjwa haukuwa mkononi. Ugonjwa ulikuwa zile siku kabla ya dawa, mumewe alipoziba matundu ya vitasa kwa nta ya mshumaa ili wasioonekana wasimsome mawazo. Lakini palikuwa na mteja anasubiri suruali yake, na mbele ya mteja ugonjwa ule haukuwepo. Nyumbani uliitwa "yale mambo". Dukani uliitwa presha.

"Na mkifika kliniki," Bi Mkubwa alimwambia mwanawe kila walipokaribia kwenda, "mikono mfukoni. Wakiona unavyotikisika watakuongezea madawa, uwe gogo kabisa."

Mkasi alikuwa mtoto mtiifu. Aliweka mikono mfukoni.

*

Funguo zote za nyumba zilining'inia kiunoni mwa Bi Mkubwa: za duka, za kabati la vitambaa, za droo ya mikasi mizuri. Dawa za mwanawe nazo zilikaa kwenye droo hiyo, kando ya wembe na sindano za akiba. Vifungo aliwahi kuomba azishike yeye.

"Wewe umemjua lini?" mama mkwe alimwuliza. "Mimi nimemjua akiwa tumboni."

Basi jioni Bi Mkubwa alimwita mwanawe chumbani kwake, akampa kidonge na maji, mlango ukiwa nusu wazi. Vifungo alisikia maji yakimezwa. Ikamtosha.

Halafu mkono ukaanza kutulia.

Kwanza Mkasi aliweza kushika kikombe bila kumwagia sahani. Baadaye akatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, akaitazama sindano ile kwa mshangao kama aliyeokota kitu chake kilichopotea. Na asubuhi moja alipopewa kipande chake cha kitambaa alikikata kwa pumzi moja, na ukingo ukatoka umenyooka hata dada mtu akaacha cherehani yake, akaja kutazama. Bi Mkubwa akaweka rula juu ya ukingo. Akaondoa rula. Akaweka tena.

"Mnaona?" alisema, na sauti yake ikakatika. "Mnaona wenyewe?"

Siku hiyo hiyo alikubali kazi aliyokuwa akiikwepa: makoti ya wahudumu wote wa hoteli kubwa ya mjini, meusi, yenye bitana nyekundu kwa ndani. Meneja wa hoteli, bwana aliyevaa viatu visivyojua vumbi, alimkazia macho Mkasi.

"Huyu ndiye fundi? Nilisikia alikuwa mgonjwa."

"Presha tu, bwana. Imeshuka."

Vifungo naye alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumwuma kuliko yote. Jioni moja alikuwa anahangaika na kifungo cha mgongoni cha gauni lake, Mkasi akaja nyuma yake, akamfungia. Mwanamume yule hakuwa ameweza kufunga kifungo tangu aanze dawa za kliniki. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vyepesi, vya zamani. Mkewe alisimama vile vile, akiwa amempa mgongo, muda mrefu baada ya kifungo kufungwa. Hakugeuka amtazame usoni. Angegeuka, angeona kwamba macho ya mumewe yalikuwa ukutani yakifuata kitu kinachotembea.

*

Vifungo aliliona jambo lenyewe dukani, mchana kweupe. Mkasi alikuwa akichora bega la koti, chaki ikasimama katikati ya mstari. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeitwa kutoka nyuma ya nyumba.

"Nani anaita?" aliuliza.

"Hakuna, mume wangu."

"Basi punguza redio."

"Redio ilikufa zamani. Si wewe uliyeitoa betri?"

Mkasi akaitikia kwa kichwa, kwa tabasamu dogo la mtu aliyeambiwa uongo mzuri, akaendelea kuchora. Mstari ulinyooka kama uzi uliovutwa.

Vifungo alimkumbuka muuguzi wa kliniki, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliyewakalisha siku ya kwanza na kuwaeleza bila kupaka rangi. "Hii si presha. Si mapepo, si ulevi, wala si ukaidi. Inaitwa skizofrenia. Ubongo wake unamletea sauti ambazo masikio hayakuzipokea, na kwake ni za kweli kama hii yangu. Usibishane nazo, wala usijifanye unazisikia. Mwambie unaona anavyoogopa. Dawa inazipunguza. Akiacha dawa zinarudi, na hazirudi zikibisha hodi."

Mchana huo Bi Mkubwa alifungua droo kutafuta uzi mwekundu, akaitwa nje na muuza makaa, akaiacha wazi. Vifungo alichungulia. Pakiti za dawa zilikuwa zimepangwa kando ya wembe, nzima, hata moja haijatobolewa.

Mama mkwe aliporudi alimkuta ameshika pakiti mkononi.

"Mama. Jioni unampa nini?"

"Maji, na vitamini." Hakuona hata haya. "Vitamini haimtetemeshi mtu."

"Muuguzi alisema..."

"Muuguzi hajui kushona hata pindo! Mtazame mwanangu. Tazama mkono ule, halafu uniambie, mtu mwenye mkono kama ule anaumwa nini?"

"Anasikia redio iliyokufa, mama."

"Wewe husikii kengele masikioni ukichoka? Ametoka gizani, ana kazi, ana mkono, wewe unataka kumrudisha akae pale anadondosha udenda ili upate cha kuonewa huruma."

"Kesho nampeleka kliniki."

Bi Mkubwa akalainika ghafla, akamshika mke wa mwanawe mkono. "Mwanangu, ngoja tumalize makoti. Tumalize tu, tukabidhi, nitakwenda nanyi mimi mwenyewe. Usimkate mkono katikati ya kazi."

Vifungo alitazama meza. Makoti yalikuwa yamebaki mikono na vifungo tu. Aliutazama mkono wa mumewe ukiteleza juu ya kitambaa, mkono uliomfungia gauni.

Akasema sawa.

*

Asubuhi ya kukabidhi kazi, baada ya Mkasi kuachwa dukani usiku na wembe wa kufumulia ili amalizie, walikuta mlango wa duka umefungwa kwa ndani. Dada mtu akapiga hodi, Vifungo akaita, na mwishowe komeo likavutwa.

Makoti yote yalikuwa sakafuni, yamefumuliwa. Bitana nyekundu zilitandazwa hadi chini ya cherehani, pamba za mabega zimetolewa na kupangwa safu ukutani. Mkasi alikuwa amesharudi kukaa katikati, wembe mkononi, akifumua ukosi wa koti la mwisho mshono kwa mshono, bila kuchana kitambaa hata kidogo. Kazi safi. Mkono haukutikisika.

"Wameshonwa humu," alisema bila kuinua kichwa. "Usiingie na viatu. Wanajua miguu ya kila mtu."

"Nani, mume wangu?"

"Hao wanaosema. Walianza kwenye redio, nikawafukuza, wakaingia kwenye nguo. Siwezi kuwavalisha watu hiki. Mtu atakuwa amebeba chai ya wageni, huku mgongoni anaambiwa ajinyonge."

Bi Mkubwa aliingia, akaona, akaketi juu ya kiti cha wateja kama gunia lililoachiwa. Hakulia. Macho yake yalikuwa kwenye bitana, akipiga hesabu isiyokubali kulingana. Kabla hajafungua kinywa, gari la hoteli likasimama mlangoni.

Meneja hakuvuka kizingiti. Nyuma yake wapita njia wakaanza kujaa, na simu zikainuliwa.

"Fundi anatafuta chawa!" mmoja akasema, wengine wakaangua kicheko.

"Mama," meneja akasema, "hii ni nini?"

Bi Mkubwa akasimama, akanyoosha kanga yake, akavaa uso wa dukani. "Nisamehe sana, bwana. Mwanangu amelewa."

Mkasi akainua kichwa. Mtu yule hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Alimtazama mama yake, kisha dari, kisha mama yake tena, kama mtu anayetafuta sauti imetoka wapi.

"Amelewa tangu jana," mama mtu akazidisha. "Vijana, bwana. Pombe. Akilala itamtoka, makoti tutayarudia upya."

"Mlevi gani anafumua vizuri hivyo?" mtu akauliza nje, vicheko vikapanda.

Mjomba, kaka yake Bi Mkubwa na fundi viatu wa mlango wa pili, akapenya umati akiwa na ukanda mrefu wa ngozi aliokuwa akiutia matundu. "Shikeni miguu," akawaambia vijana wawili. "Tumfunge kabla hajamchana mtu na wembe huo."

Vijana wakavuka kizingiti. Mkasi akarudi nyuma hadi ukutani, wembe ukiwa juu, akipumua kama aliyekimbizwa. Vifungo alijua jinsi jambo litakavyokwisha: watamrukia, wembe utamkata mmoja wao au yeye mwenyewe, na kuanzia siku hiyo mumewe atakuwa mtu wa kufungwa kwa ngozi ya viatu. Akasimama katikati.

"Toka na ukanda wako, mjomba. Hajalewa."

"Nyamaza wewe," Bi Mkubwa akamwambia kwa meno.

"Hajalewa!" Sasa alikuwa akiongea na mlango mzima, na zile simu, na meneja. "Mume wangu ana skizofrenia. Ni ugonjwa wa ubongo, una dawa, na alikuwa akizimeza. Dawa zenyewe zimefungiwa kwenye droo hii hapa, na funguo zipo kiunoni mwa mama yake. Sasa mmeshajua. Mnaotaka kucheka, malizeni mwende zenu."

Vijana wakarudi nyuma hadi kizingitini, na mjomba akaushusha ukanda. Kisha sauti moja nyuma ikauliza, "Ski nini?"

Vifungo akavua viatu. Akaketi sakafuni juu ya bitana, mbali kidogo na mumewe, akavuta koti mojawapo mapajani.

"Mimi hao watu siwasikii," alimwambia polepole. "Sikudanganyi. Lakini nakuona unavyoogopa, na ningesikia wewe unayoyasikia, hata mimi ningefumua."

"Wamesema mimi mlevi."

Mkewe akalikunja lile koti mapajani. "Twende kwa yule mama wa kliniki. Nitakaa na wewe hadi mwisho."

Walikaa hivyo hadi umati ulipochoka kutazama watu wawili wasiofanya lolote. Meneja alikuwa ameondoka zamani. Hatimaye Mkasi akaukunja wembe, akaugeuza, akampa mkewe kwa upande wa mpini, kama fundi anavyompa fundi mwenzake.

*

Muuguzi aliwapokea, akamchoma Mkasi sindano, akampatia kitanda. Kisha akawaita Vifungo na Bi Mkubwa ofisini.

"Aliacha dawa kwa nini?"

Bi Mkubwa alitazama dirishani. Vifungo akasema, "Mkono ulikuwa unamtetemeka. Ni fundi. Alipoacha, ukatulia."

"Unamtetemeka? Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona mimi sikuuona?"

Vifungo alimtazama mama mkwe, mama mkwe akazidi kutazama dirishani. "Alikuwa anaingia na mikono mfukoni."

Muuguzi akafumba macho kidogo. "Kutetemeka kule si ugonjwa, mama zangu. Ni dawa. Iko dawa nyingine ya kupunguza kutetemeka huko, au ningeshusha kipimo, au ningembadilishia kabisa. Ni jambo tunalolifanya kila siku. Mkono ulipotikisika ndipo mlipotakiwa kuniambia mimi. Na ulipotulia mkashangilia, mlichokuwa mnashangilia ni kinga yake ikimtoka mwilini."

Bi Mkubwa akageuka kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo unakiri. Ni dawa zenu zilizomharibu mwanangu mkono."

Vifungo alitaka kucheka, au kupiga yowe. Alishindwa kujua lipi linakuja, akayabana yote mawili.

*

Mkasi aliporudi nyumbani alikuwa amenenepa, mzito wa kope, na vidole vyake vilitikisika kidogo tu, kama majani mtu anapopita karibu. Hoteli ilikwisha kuchukua kazi yake kwingine. Wateja wa zamani walipita upande wa pili wa barabara, na aliyeingia aliuliza kwanza nani atakayemkatia nguo. Vile vicheko vya mlangoni vilikuwa vikizunguka kwenye simu za watu.

Kikao kiliitwa sebuleni. Mjomba alikalia kiti kikubwa. Vifungo akaonyeshwa kigoda.

"Tumekuita," mjomba akaanza, "kwa sababu ya lile neno."

"Neno lipi, mjomba?"

"Unalijua. Ulilipayuka mbele ya kadamnasi. Nyumba hii ilikuwa na sitara, wewe ukaivua."

Wifi yake, aliyekuwa akikunjua na kukunja ncha ya mtandio, akasema kwa sauti iliyojaa machozi, "Wifi, wakwe zangu wametuma mtu kuuliza kama kwetu ugonjwa uko kwenye damu. Hawajatamka kuvunja uchumba. Wameuliza tu. Lakini mchumba wangu hapokei simu."

"Hilo linaniuma, wifi yangu," Vifungo alisema, na lilikuwa linamuuma kweli.

"Basi kama linakuuma, liponye," mjomba akasema. "Umwombe mama yako radhi hapa tulipo. Kisha upite kwa majirani na wateja, useme ulikuwa na hasira za ndoa, mumeo alikuwa amelewa, yale mengine uliyatunga. Dawa atashika mama yake kama zamani. Ukikataa, mlango ule pale, utarudi kwenu. Mgonjwa atabaki kwa aliyemzaa."

Hapo ndipo Mkasi alipoongea. Walikuwa wamemsahau, kama watu wanavyomsahau mgonjwa aliyekaa kimya.

"Mke wangu, nina swali."

"Uliza."

"Siku ile zilikuwa sauti nyingi. Moja ilisema nimelewa. Ilifanana sana na ya mama." Aliongea polepole, akichagua maneno kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. "Kule wodini nilikuwa ninazitenga. Hii ya kweli, hii ya kichwani. Nyingine zote nimezipata. Hiyo moja inanishinda. Ilikuwa ya wapi?"

Bi Mkubwa alimtazama mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane macho yale yalikuwa yakiomba.

Vifungo angeweza kumpa alichoomba. Neno moja tu, na mama angebaki mzima machoni pa mwanawe. Lakini mumewe angekosea hesabu yake ya sauti, na hesabu hiyo ndiyo ardhi pekee aliyokuwa amesimama juu yake.

"Ilikuwa ya kweli," alisema. "Alisema mama."

Mkasi akaitikia kwa kichwa polepole, kama fundi aliyeambiwa kipimo alichokuwa amekihisi.

"Nilikuwa nakuficha, baba," Bi Mkubwa akasema kwa sauti iliyopasuka. "Mlevi akiamka kesho watu wanamsamehe. Mwendawazimu hata akiamka, kwao hajaamka."

Mwanawe alitoa mikono mfukoni, akaiweka mezani mbele ya wote, viganja chini. Vidole vilitetemeka juu ya mbao. Dada yake akaanza kulia. Mkasi hakuirudisha.

"Umeona ulichokifanya?" mjomba akamfokea Vifungo. "Mama mzima analizwa mbele ya wanawe! Nakuuliza kwa mara ya mwisho, unaomba radhi au huombi?"

Vifungo akanyanyuka kwenye kigoda. Mkononi alishika mkebe wake wa vifungo. Ulipotikisika, vifungo vililia pamoja na pakiti za dawa alizokabidhiwa na muuguzi.

"Mume wangu nilimwomba radhi kule wodini," alisema, "kwa sababu niliufurahia mkono wake nikasahau kumtazama usoni. Kama amenisamehe au hajanisamehe, hilo ni letu wawili. Dawa zimo humu, ninazishika mimi, na kliniki atakwenda na mikono nje. Kama ni kuondoka hapa au kubaki, ataniambia yeye, si wewe, mjomba. Wifi, mchumba wako akipokea simu, nipe nimweleze ugonjwa huu ni nini, kwa jina lake. Na hilo jina nitalitaja tena kesho, na keshokutwa, kwa kila atakayeniuliza."

Akamgeukia mama mkwe.

"Wewe, mama, radhi siombi."